Chupa Ndani ya Gunia la Maranda

Kila asubuhi, kabla randa haijaanza kulia, baba alikaa juu ya mto kwenye pembe ya karakana yake ya useremala, akagonga kengele ndogo ya shaba, akafumba macho na kufuata pumzi yake. Alikuwa mfuasi wa Buddha. Alikuwa pia katika kikundi cha watu walioacha ulevi, wanaosaidiana kupita hatua kumi na mbili za kupona. "Kikundi kinanifundisha kusema kweli," alipenda kusema, "na kukaa kimya kunanifundisha kuisikia." Binti yake alifagia taratibu asimsumbue.

Asubuhi ile binti hakuwa na raha hata chembe. Jana yake, baba akiwa ametoka kununua misumari, mteja mmoja alikuja kuchukua kabati lake. Alilipenda mno, akaacha chupa ya pombe kali. "Mpe fundi, ajipongeze!" Binti aliingiwa na hofu. Je, baba akiiona na kiu ikamrudia? Akaizika chupa ndani ya gunia la maranda, akisema ataitupa baadaye. Wapi! Kazi za shule zikamzonga, usingizi ukamchukua, na chupa ikabaki palepale.

Baba alipoinuka, alikwenda kuchota maranda ya kufungia vioo. Mkono wake ukagonga kitu kigumu. Loo! Aliitoa chupa, akaitazama, uso ukamsawijika.

"Enzi zile nilikuwa nikizificha chupa humu humu," alisema kwa sauti ya chini. "Niliwaapia wenzangu kwamba nimezitoa zote. Kumbe moja ilibaki; mimi ni mwongo tu. Sijapona, wala sitapona."

Vidole vyake vikaanza kusokota kizibo.

Binti aliuachia ufagio. Angenyamaza, nani angejua? Lakini baba alikuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake, na kizibo kilikuwa kinalegea!

"Baba, acha! Ni mimi niliyeiweka!"

"Usinitetee, mwanangu."

"Sikutetei! Mwenye kabati aliileta jana, nikaogopa kukwambia. Nisamehe, baba."

Vidole vilitulia, ila mkono haukuiachia chupa. Binti akakimbilia kengele, akaigonga. Baba aliketi palepale chini, juu ya maranda.

"Kiu ipo," alisema. "Siifukuzi, siifuati. Mpigie simu Mama Mikate, upesi."

Mama Mikate, mwoka mikate wa mtaa wa pili, ndiye aliyekuwa mlezi wa baba kikundini: aliacha ulevi kabla yake, na kiu ikija ndiye wa kupigiwa. Alifika akihema, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, akaichukua chupa na kuimwaga yote mtaroni. "Leo panya watalala barabarani," alisema. Baba akacheka huku machozi yakimtoka.

Kisha mama yule akamshika binti bega. "Ulificha kwa upendo, najua. Lakini sisi ugonjwa wetu ulikua kwa kuficha, na nyumba yenye siri ndiyo inayopendwa na pombe. Siku nyingine sema palepale, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimesikia, mama."

"Na kilichoniokoa leo si kengele," baba alisema. "Ni lile neno lako, 'ni mimi'."

Akarudi kwenye mto wake, akampisha bintiye nusu, wakakaa pamoja kabla ya kazi kuanza.