Picha Moja kwa Siku

Likizo ilipoanza, kazi za Kiberiti hazikubadilika. Alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, alipasha pasi moto, na wateja walipokuja kudai nguo zao aliwaambia, "Zimebaki vifungo tu." Hata nguo ambayo haijakatwa ilikuwa imebaki vifungo tu. Mafundi wa nguo ndivyo walivyo, na mama yake alikuwa fundi hasa.

Kiberiti alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Pacha wake, msichana mwenzake aliyemtangulia kuzaliwa kwa dakika tisa, aliitwa Kimya, na sababu haihitaji kuelezwa. Walilala kitanda kimoja, walikaa dawati moja, na waligombana kila siku, yaani Kiberiti aligomba na Kimya akasikiliza.

Likizo hii kitanda kilikuwa na mtu mmoja tu. Shangazi alikuwa dereva wa lori, na safari hii alipeleka maparachichi mbali, hadi nchi ya tatu, wiki mbili kwenda na kurudi. Alikuwa na kiti kimoja tu cha abiria. Mama akachukua njiti mbili za kiberiti, moja akaivunja, akazificha zote kiganjani ili pacha wapige kura. Kimya akavuta ndefu.

"Leo Kiberiti kaunguzwa na njiti zake mwenyewe!" shangazi akatania, na wote wakacheka isipokuwa Kiberiti.

Asubuhi ya safari, shangazi alimpa Kimya masharti mbele ya kila mtu. "Utatumia simu yangu kutuma picha moja kwa siku, jioni. Video marufuku. Hapa nyumbani giga moja ni bei ya mkate. Nikishavuka mpaka, laini yangu inakuwa mgeni, na giga hiyo hiyo ni bei ya kuku wawili wakubwa. Nimenunua kifurushi kidogo cha wasafiri, cha kutuma fomu za forodha. Fomu isipofika mpakani kabla yangu, napangwa foleni ya siku tatu, na maparachichi hayajui kusubiri."

Kiberiti alikuwa amesimama palepale mlangoni. Maneno yaliingia sikio moja yakatokea la pili, kwa sababu kichwani mwake mlikuwa na neno moja tu: kwa nini yeye?

Jioni ya kwanza simu ya mama ililia. Picha ilimwonyesha Kimya ameketi juu kabisa ndani ya lori, mkono dirishani, kana kwamba ndiye mwenye lori. Ya pili ilionyesha daraja refu jeupe juu ya mto mpana. Ya tatu ilikuwa milima, na jua likizama nyuma yake. Mama alizionyesha kwa wateja. "Huyu ni binti yangu, yuko nchi za watu," alisema kila mara, na Kiberiti akahisi kama mama ana binti mmoja.

Wivu ukamfuata kila mahali. Alipokula, aliwaza Kimya anakula nini. Alipofagia, aliwaza kwamba Kimya hafagii. "Anajidai," alijisemea. "Anataka nione kwamba mimi ni mtu wa kubaki na vumbi." Basi akaamua kwamba na yeye ataonewa wivu, liwalo na liwe.

Siku ya nne, mama alipokwenda kununua bitana, Kiberiti alitoa kabatini gauni la mteja. Lilikuwa la kusimamia harusi, la rangi ya dhahabu, na upindo wake uliburuzika sakafuni. Akalivaa, akasimamisha simu ya mama juu ya cherehani, akajirekodi akizunguka chumba kizima. "Mama kanishonea," alisema mbele ya kamera. "Kitambaa kilichobaki hakitoshi mtu mwingine." Akaituma kwa simu ya shangazi. Ilikuwa video ndefu na safi kabisa, maana aliona video fupi haina raha. Bando la mama lilikuwa la mwezi mzima, la kuwatumia wateja picha za mishono, na halikutetereka.

Usiku likaja jibu la Kimya, neno moja: "Nzuri."

"Nzuri tu?" Kiberiti alifoka peke yake. "Maringo hayo!"

Kesho yake akaazima baiskeli ya fundi bomba aliyekuwa akitengeneza mabomba ya jirani, akajirekodi akiendesha barabara nzima. "Baiskeli yangu mpya," alisema. Halafu akaketi kwenye kile kigoda ambacho Kimya hukalia kila jioni akimsaidia mama kutia uzi sindanoni, akarekodi nyingine. "Siku hizi mama ananifundisha kushona mimi. Na kitanda chote ni changu." Jibu lilikuwa lile lile, "Nzuri," na jioni hiyo picha haikuja.

Kiberiti hakujali. Siku ya sita asubuhi aliamka mapema akatuma video nne kwa mpigo. Kila moja ilibaki na alama moja tu ya vema, maana yake zimetoka huku lakini kule hazijafika.

Saa nane mchana simu ya mama ikaita kwa namba ngeni. Mama alikuwa akimpima mteja, pini zimejaa mdomoni, hivyo akaibonyeza itoe sauti chumba kizima.

"Wifi yangu, ni mimi," ilikuwa sauti ya shangazi, imechoka. "Nimekwama. Natumia simu ya fundi matairi, inapiga kwa intaneti yake, kaniazima dakika chache."

Mama alitema pini. "Umepata ajali?"

"Ajali ya bando! Kile kifurushi changu cha wiki mbili kimekwisha siku ya tano. Sijakitumia hata nusu, lakini kimekwisha. Sasa niko jangwani huku, mtandao wa simu hakuna. Fundi matairi ana dishi la setilaiti juu ya paa, anauza intaneti kwa kipimo. Nimenunua mega mia tatu kwa bei ya tairi la baiskeli, wifi yangu. Nimewasha simu, nikaanza kujaza fomu ya forodha, hata cheti cha maparachichi sijakiambatanisha, mega zote kwisha! Dakika tatu!"

"Labda hilo dishi ni bovu," mama alisema.

"Dishi langu zima!" sauti ya mwanamume ilidakia kutoka mbali. "Simu yako ndiyo inakunywa mega, mama dereva!"

"Mimi nadhani najua," shangazi aliendelea, sauti ikishuka. "Huyu Kimya. Mimi nikisinzia, yeye ananichukulia simu anatazama mambo yake. Nimemuuliza mara tatu. Hasemi. Analia tu. Basi mimi nimekata shauri, hatapanda tena lori langu. Safari ijayo nitamchukua Kiberiti."

Mama alimgeukia Kiberiti. Uso wake ulikuwa na huzuni na tabasamu kidogo, kama mtu anayesema, haya, yako yamekuwa.

Nami nisiwafiche: kwa kitambo kifupi Kiberiti alifurahi. Alijiona juu ndani ya lori, mkono dirishani, na Kimya mlangoni na ufagio. Kitu alichokililia siku sita kilikuwa kimemwangukia miguuni. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Nimebaki na pesa ya dizeli," shangazi alikuwa akisema. "Natoa humo nanunua mega za mwisho. Fomu isipopita safari hii, mzigo utaoza, na mwenye mzigo hatanipa mwingine. Niombeeni. Nakata simu, nawasha intaneti sasa hivi."

Kiberiti aliitazama simu ya mama mezani. Alikumbuka zile video nne na alama zake. Hapo ndipo akili ilipomjia. Shangazi alipowasha intaneti ya kwanza, video zilikuwa zimeanza kushuka, na akiwasha ya pili, zitaendelea pale zilipoishia. Fomu haitapita. Shangazi atabaki jangwani bila dizeli, na Kimya atabebeshwa lawama hadi mwisho.

"Shangazi, usiwashe!" alipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akipimwa akashtuka. "Usiwashe! Ni mimi!"

"Wewe umefanya nini?" mama aliuliza.

"Ni mimi niliyetuma video. Nyingi, ndefu. Zinajishusha zenyewe. Zimekula bando lote, na nyingine nne zinasubiri. Kimya hakufanya kitu." Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuyafuta. "Nilikuwa namwonea wivu."

Kule jangwani fundi matairi akasikika akisema kwa furaha, "Si nilikwambia? Dishi langu halina kosa!"

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Kiberiti, nisikilize. Kulia utalia baadaye. Hizo zinazosubiri unaweza kuzifuta?"

"Naweza. Nafuta sasa." Alizifuta moja baada ya nyingine. "Na kwenye simu yako, kabla hujawasha, ingia kwenye mipangilio, uzime ile sehemu ya video kujishusha zenyewe. Zima na picha."

"Fundi, hebu nionyeshe hiyo sehemu," shangazi alisema, na simu ikakatika.

Robo saa ilipita. Mama hakushona. Hakumpiga Kiberiti wala hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Alikwenda kabatini, akalitoa gauni la dhahabu, akaugeuza upindo. Ulikuwa na doa jeusi la vumbi la sakafuni.

"Hili pia?" aliuliza.

"Hilo pia, mama."

"Utaufumua upindo wote kwa mkono, utaufua, na utaushona upya kwa sindano ya mkono. Mteja anakuja Ijumaa, na wewe mwenyewe utamweleza. Usithubutu kumwambia zimebaki vifungo."

Hapo simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa fundi matairi: "Fomu imepita. Mega zimebaki mia mbili, nimemrudishia pesa yake."

Siku nane baadaye, mchana, honi ya lori iliwatoa watu wote nje. Kimya alishuka taratibu akijishika kiuno, nywele zimejaa vumbi. Pacha wakatazamana. Kiberiti alikuwa ameandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, lakini Kimya ndiye aliyetangulia kusema, jambo lisilo la kawaida.

"Gauni liko wapi?"

"La mteja. Alilichukua Ijumaa. Nilimwambia ukweli, akanisema mpaka akachoka."

"Na baiskeli?"

"Ya fundi bomba."

"Na mama kukufundisha kushona?"

"Nilijifunza kushona upindo juzi. Kama adhabu."

Kimya alianza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mimi nilizitazama zote, halafu nikazifuta, shangazi asije akakugombeza. Nilijua zimezidi, nikaogopa kukutaja. Nilikuwa nalia kila siku, Kiberiti. Nilidhani mama kanisahau. Ulikuwa na baiskeli, na gauni, na kitanda, na kigoda changu. Nilikuonea wivu mpaka nikashindwa kula."

"Wewe? Unionee wivu mimi? Na milima yote ile?"

"Milima ilikuwa dakika moja! Siku nzima nimekaa kwenye kile kiti mgongo unawaka. Pale kwenye daraja tulisimamishwa saa saba. Siku ya tatu nilitapika mara mbili."

Shangazi alikuwa akiwasikiliza huku akigonga matairi kwa rungu dogo, moja baada ya jingine, kama afanyavyo kila anapofika. Alipomaliza, aliwaita, akawakalisha kwenye ngazi ya lori, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Kiberiti, kukiri kwako kuliokoa mzigo wangu, na kulikuwa kugumu, maana ulikiri wakati uongo unakulipa. Nimekusamehe. Lakini hasara ya bando nimeipata, na kwa hiyo likizo yote iliyobaki utanioshea lori hili kila Jumamosi. Kimya, na wewe nilikutuhumu bure. Unisamehe, mwanangu. Ila siku nyingine sema. Kumfichia ndugu kosa si kumpenda." Akaliweka rungu chini. "Sasa sikieni. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Siku ina saa ishirini na nne. Picha ni kufumba na kufumbua. Wewe ulionea wivu kufumba na kufumbua kwa mwenzako, na yeye akaonea wivu kufumba na kufumbua kwako, na tena kwako kulikuwa kwa uongo. Bando langu lote limelipia hilo. Ukitaka kujua mwenzako anaishije, usimpime kwa picha. Muulize."

Kiberiti aliinamisha kichwa. Kisha akahama upande wake, akaketi karibu na Kimya kwenye ngazi, akamshika mkono uliojaa vumbi.

"Haya, picha nimeziona," alisema. "Nisimulie zile saa nyingine."

Na Kimya, ambaye hakuwahi kuongea zaidi ya sentensi tatu kwa mkupuo, alisimulia tangu mchana ule mpaka mama alipoita chakula. Kiberiti alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja, na wala halikuhitajika bando.