Grisi Kwenye Mguu wa Kulia

"Hii grisi imetoka wapi?"

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa chumba chake, suruali yake ya kazi mkononi. Mke wangu ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa korona. Tangu janga lianze alihamia chumba cha wageni, mimi nikabaki chetu, na sebuleni tulikaa mbali kwa kipimo cha futi yangu ya ushonaji, na kidogo juu yake.

"Kazini," akajibu kutoka ndani.

"Wodini siku hizi mnatengeneza magari?"

"Fundi, nimechoka."

"Zamu inaisha saa tisa. Hapa unafika saa kumi na mbili. Unachokea wapi?"



Asubuhi ile dada yangu alikuwa amenitumia ujumbe: "Kaka, wifi ameonekana jana njia ya bwawani. Hospitali haiko huko. Mimi simo, nakupasha tu." Dada yangu husema hayumo, huku ameshaingia na miguu yote miwili.

Nikasoma nguo kama fundi: grisi, mguu wa kulia, upande wa ndani. Mbegu za nyasi kwenye pindo. Nikaona pikipiki. Nikamwona na mwenye pikipiki.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo anayekupakia."

Mlango ukafunguka. Mashavuni alikuwa na alama za barakoa, kama zimepigwa pasi.

"Wiki saba hunisemeshi," akasema polepole. "Tangu mama yako azikwe. Leo umepata mdomo, na unauliza hilo?"

"Nijibu."

"Kesho saa tisa njoo geti la hospitali. Na usije kwa miguu, hutanipata."

Baiskeli ya mama ilikuwa stoo, imening'inizwa ukutani. Aliiendesha mpaka wiki aliyoanza kukohoa. Sikuwa nimeigusa tangu hapo. Kesho yake asubuhi niliishusha, nikaijaza upepo, cheni nikaitia mafuta ya cherehani, maana ndiyo niliyokuwa nayo.

Saa tisa mke wangu alitoka. Mlinzi wa getini akamwazima baiskeli yake nyeusi, kuukuu, cheni wazi haina hata kifuniko.

"Shemeji! Leo mko wawili?" mlinzi akanichekea nyuma ya barakoa. "Irudisheni kabla ya saa kumi na mbili, jamani, mimi nyumbani siendi kwa miguu."

Niliitazama ile cheni. Miaka kumi na minne nafupisha suruali za waendesha baiskeli. Grisi ya mguu wa kulia naijua kama sauti ya mama yangu. Lakini hasira haina macho.

"Mwenye pikipiki ndiye huyo," mke wangu akasema. "Msalimie."

Akapanda, akaondoka.

Barabara ilikuwa tupu, maduka yamefungwa. Kilima cha kwanza kikanitoa pumzi.

"Kanyaga, Fundi! Hiyo si cherehani!"

"Nisubiri!"

"Wiki saba nimekusubiri!"

Kisha nyumba zikaisha, mteremko wa bwawani ukaanza. Akainua miguu kwenye pedali, akaachia. Upepo ukaijaza blauzi yake mgongoni, naye akapiga kelele kama mtoto. Nikainua yangu. Majani yalinuka mvua. Nilisikia mtu anacheka, nikachelewa kujua kuwa ni mimi. Nikaona haya, na bado nikacheka.

Tulikaa ukingoni mwa maji, baiskeli mbili katikati yetu.

"Bila huu mteremko ningeacha kazi," akasema. "Au ningekuacha wewe. Mpaka jana sikuwa nimeamua."

Ndipo nikalitoa lile swali la wiki saba.

"Kwa nini hukunipigia simu mama alipokuwa anakata roho wodini kwako?"



"Simu zinabaki kabatini, nje ya wodi. Kutoka, lazima nivue gauni, glavu, buti, nioge. Dakika ishirini. Mama hakuwa na ishirini. Nilikuwa na nafasi ya kitu kimoja. Nikupigie wewe, au nimshike mkono yeye. Nilimshika."



"Alisema chochote?"

"Aliuliza mimi ni nani. Kwa mavazi yale sote tunafanana. Nikamwambia, ni mimi, mkweo. Akanibana kidole."

Nililia palepale, barakoa ikalowa. Hakunishika, hakuruhusiwa. Alisogeza gurudumu lake la mbele mpaka likagusa langu.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimechoka hata kusamehe," akasema. "Lakini kesho uje."

Jioni ile nilikaa kwenye cherehani. Aliniita kutoka chumbani kwake.

"Unashona nini?"

"Suruali yako ya kazi. Naweka lastiki mguu wa kulia, isiguse cheni."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba mlango wake ulikuwa wazi.

"Na yako?"

"Nimeanza na yako."