Utani ni wa Nchi Kavu

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, na mara moja umeniokoa. Ila hata hiyo mara moja, ulianza kwa kuniponza.

Naitwa Paskalia. Kivuko cha mtumbwi kwenye mto Mgeta, mwendo wa saa moja kutoka Kisaki, ni changu. Nilikirithi kwa mjomba Yohana, kaka yake mama, kwa sababu kwetu Waluguru mali ya mjomba hushuka kwa watoto wa dada yake. Wanaume wa kijijini walisema mwanamke hawezi kusimama na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, wakati wa masika. Wote waliosema hivyo niliwavusha, mmoja mmoja, na kila mmoja nilimuuliza tukiwa katikati ya mto kama anataka kuteremka.

Mjomba alinifundisha kuusoma mto kabla ya kunipa upondo. Povu jeupe, vuka. Maji mekundu, pima kwanza. Ukiona migomba mizima inaelea, ujue mlimani kumeporomoka, uvute mtumbwi ukaufunge mbali na ukingo. Na mto ukinyamaza ghafla, usiulize sababu, toka majini.

Kisha alikuwa na sheria moja ya mwisho, ambayo haikuhusu maji.

"Utani ni wa nchi kavu," alisema. "Ukiwa mtoni usimtanie mtu."

Nilimuuliza kwa nini. Aliangalia miguu yake tu. Nikacheka, maana mimi na utani tumezaliwa pamoja. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu. Mtani anakutukana mbele ya mkweo nawe unacheka. Anachukua jogoo wako bila hodi. Ukitaka chako unakikomboa kwa kitu kingine, hata kidogo, mradi utoe kinachokuuma, na yeye hana ruhusa ya kukataa kikombozi. Atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Na utani hauna kesi. Hakuna jumbe atakayekusikiliza ukienda kumshitaki mtani wako.

Basi, ilikuwa masika ya mwaka arobaini. Mdogo wangu Regina alikuwa na uchungu siku ya pili. Mumewe, Agustino, alikuwa jeshini. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na hii ya tatu alikuwa ameilinda kwa kulala chali miezi minne. Mchana ule aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akimpoteza na huyu, asiamshwe. Niliumia. Mkunga pekee niliyemwamini, Bi Hidaya, alikuwa ng'ambo ya mto.

Nilishuka kivukoni jua likikaribia kuzama. Maji yalikuwa mekundu, lakini povu lilikuwa bado jeupe. Nilipima kwa fimbo ya mjomba, yale maji yalikuwa yamefika alama ya tano, na mjomba hakuwahi kuvuka baada ya sita. Nikavuka peke yangu bila taabu. Bi Hidaya alikuwa tayari kibarazani, bakuli lake la bati limefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, Bi Hidaya."

"Marahaba. Twende, mwanangu. Huyo mtoto hangoji salamu."

Aliketi mbele, uso ameuelekeza ukingo wa kwetu. Mimi nikasimama nyuma na upondo. Nikatazama ubavu wa mtumbwi, kama ninavyofanya kila ninapobeba mtu. Vidole vinne juu ya maji. Mzigo mzuri. Nikasukuma.

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu, pale ukingoni tulipotoka.

"Mtani... nivushe."

Lafudhi ilikuwa ya Kinyamwezi kabisa. Watu wa mashamba ya mkonge walikuwa wakipita kwetu wakirudi kwao, basi sikushangaa. Sikugeuka hata kumtazama. Mdomo ukajibu wenyewe, kama unavyojibu salamu.

"Panda, punda wangu. Ila ukiloweka mtumbwi utaukausha kwa ulimi."

Nilisema hayo miguu yangu ikiwa ndani ya mtumbwi, na mtumbwi ukiwa majini.

Sikusikia mtu akipanda. Nilipoinua macho kutoka kwenye upondo alikuwa amekwisha kuketi, kati yangu na Bi Hidaya, amenipa mgongo. Alivaa gunia la katani lililotobolewa shingo. Mapajani alikuwa na mzigo uliofungwa ndani ya mkeka. Harufu ya tope la zamani ikanijia, lile linalobaki mabondeni mafuriko yakipungua.

Nikatazama ubavu wa mtumbwi.

Vidole vinne.

Nikatazama tena, maana mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Mtu mzima amepanda na mzigo wake, na mtumbwi haukushuka hata unene wa ukucha.

Bi Hidaya hakugeuka. Alikuwa anasoma dua zake kwa sauti ya chini, macho ng'ambo. Nilitaka kumwita, ulimi ukakataa. Nilikuwa na hofu, sisemi uongo.

Kisha nikaona maji. Yalikuwa yanatoka kwake. Yalitiririka kwenye gunia, kwenye nywele, kwenye ule mkeka, bila kukoma, yanajaza mtumbwi polepole. Vidole vitatu sasa.

"Mtani," akasema bila kugeuka. "Nyinyi Waluguru mnalima ukutani. Mtu akiteleza shambani kwake anaangukia kwa jirani."

Huo ni utani wa kila siku, nimeusikia mara mia. Sikujibu. Nilikuwa nimekumbuka sheria ya mjomba, nimechelewa.

"Umenyamaza. Basi nami nachukua changu. Nimeshika."

"Umeshika nini?" nikanong'ona.

"Kile kinachotoka nyumbani kwenu leo."

Akaupapasa ule mzigo.

Ukalia.

Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga. Chembamba, cha kukatikakatika, kinachotafuta pumzi... kikatoka ndani ya mkeka unaovuja maji, katikati ya mto Mgeta, na dada yangu alikuwa hajajifungua.

Vidole viwili.

Na mto ukanyamaza.

Sijui niwaelezeje. Maji yalikuwa yanakwenda, nayaona yanakwenda, lakini sauti ilikuwa imekatika. Nilijua maana yake. Huko juu kulikuwa na maji yanakuja, na mimi nilikuwa katikati na mtumbwi unaojaa. Nikamfikiria Regina na ile sauti yake ya kawaida. Hapo hofu ikaniisha, hasira ikaja, na hasira nikaimeza, maana atakayekasirika ndiye aliyeshindwa. Nikasema moyoni, sawa. Kama ni utani umetaka, utaupata wote, pamoja na sheria zake.

"Wewe mchukuzi," nikamwambia, kwa sauti ya kawaida. "Nyinyi Wanyamwezi mmezoea mizigo mpaka hamjui cha kubeba na cha kuacha. Hata kufa umekufa umebeba. Nani alikufundisha kushika kitu cha mtani bila kungoja kikombozi?"

Mabega yake yakatulia. Kwa mara ya kwanza yale maji yalipungua.

"Kikombozi," akasema, taratibu, kama mtu anayelikumbuka neno la kwao. "Una nini?"

Nilikuwa na vitu viwili. Upondo, na kata ya kibuyu ninayochotea maji ya mtumbwini. Bila upondo tungekwenda na mto. Bila kata tungezama, pengine, kabla ya kufika. Na kikombozi lazima kikuume.

Nikainama nikaiokota kata, nikamnyooshea juu ya bega.

"Chukua. Ni ya mjomba wangu Yohana, ameichonga mwenyewe. Sasa tua."

Mkono uliopokea ulikuwa wa baridi, na ngozi ya vidole imejikunja. Akacheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyetaniwa vizuri baada ya muda mrefu, na hicho ndicho kinachonisumbua mpaka leo.

"Nitakirudisha, mtani," akasema.

Hapakuwa na mshindo wa maji. Mahali pake palikuwa wazi, na mtumbwi umejaa nusu.

"Bi Hidaya! Chota!"

Mama yule hakuuliza. Alifungua kanga, akatoa lile bakuli la uzazi, akachota maji kwa mikono ya mtu aliyezoea haraka. Nilisukuma mpaka nikahisi ladha ya damu mdomoni. Tuligusa ukingo, tukaparamia juu kwa magoti, na nyuma yetu ngurumo ikapita, imebeba migomba na mti mzima wenye mizizi. Mtumbwi nilikuwa nimeshauvuta kwa kamba. Sikuwapa nafasi wanaume wa kijijini waseme nimeupoteza.

Tulipoanza kupanda njia Bi Hidaya akaniuliza kata iko wapi. Nikamwambia nimempa mtani.

"Mtani gani?"

Nikaongeza mwendo. Baadaye kidogo akasema kwamba alisikia mtoto akilia pale mtoni, akadhani ni masikio ya uzee. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki.

Tulimkuta Regina amejifungua peke yake dakika chache nyuma. Mtoto wa kike, amelala juu ya kanga, wa bluu, kimya. Regina hakuwa akilia. Alikuwa anamtazama tu. Bi Hidaya alimshika miguu, akamgeuza, akampuliza, akampiga mgongo. Maji yakamtoka mtoto puani. Mengi, mekundu.

Akalia.

Kilikuwa kilio kile kile.

Kiganja chake kilikuwa kimefumba. Nilikifungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja, wakati Regina anabusu paji lake. Ndani yake kulikuwa na mchanga wa mto. Niliufuta kwa upindo wa kanga yangu na sikumwambia mtu.

Wiki ya pili nikaenda kwa mzee Stambuli, aliyekuwa rafiki wa mjomba tangu ujana. Nilimweleza yote. Akasogeza kigoda chake karibu, akanieleza. Zamani, masika moja, Mnyamwezi mmoja kutoka kwenye mkonge alifika ng'ambo na mzigo wake, anarudi kwao kwa mke aliyekuwa karibu kujifungua. Akaita avushwe. Mto ulikuwa umepita alama ya sita. Mjomba alikuwa ndani ya mtumbwi karibu na ukingo wetu, anauhamisha. Akamjibu kama mtani anavyojibu.

"Alimwambiaje?" nikauliza.

"Alimwambia, kama una haraka, punda wangu, vuka kwa miguu."

Yule mtu akacheka, akaweka mzigo kichwani, akaingia majini. Pengine alidhani anaonyeshwa kivuko cha miguu. Pengine naye alikuwa anatania. Mwili haukuonekana, na hakupata mtani wa kumzika, kama mila inavyotaka. Mjomba hakushitakiwa kwa lolote. Utani hauna kesi.

Nilimuuliza mzee Stambuli swali moja tu tena. Mtani akikirudisha kikombozi, maana yake nini?

"Maana yake hakitaki," akasema. "Anataka alichokishika."

Masika iliyofuata, siku maji yalipofika alama ya kwanza, nilifungua mlango alfajiri nikaikuta kata ya mjomba kizingitini, imelowa, imejaa maji mekundu mpaka juu. Niliichukua nikaenda nayo mtoni, nikasimama nchi kavu, nikamtukana Mnyamwezi yule matusi yote ya utani ninayoyajua, na mengine nikatunga njiani. Kisha nikaitupa katikati. Chukua, nikamwambia. Sheria ni sheria.

Nimefanya hivyo kila mwaka. Watu huniona na husema nimeingiwa na kitu. Mwaka ule wa ghasia za matuta, watu walipokataa kulimishwa matuta kwa amri ya serikali, askari wakiwa wamejaa huko juu milimani, nilikwenda vilevile. Padri aliniambia niache. Nilimwuliza kama yeye anaweza kuja kunisaidia kutukana, akaenda zake. Veronika, maana ndilo jina tulilompa mtoto yule, amekua mzima, mrefu kuliko mama yake. Aliolewa kabla ya Krismasi iliyopita.

Jumatatu iliyopita maji yalifika alama ya kwanza. Nilifungua mlango. Kata ya mjomba ilikuwepo kizingitini, kama kawaida.

Pembeni yake palikuwa na ya pili.

Kibuyu kibichi. Kimekatwa jana au juzi, mbegu bado zimeshikana ndani. Nacho kimejaa maji mpaka juu.

Nilimfuata Veronika kwake. Nilimuuliza habari za siku zake. Akainamisha uso, akatabasamu.

"Umejuaje, mama mkubwa? Hata mume wangu sijamwambia."

Nilimwambia wazee tunajua. Nikarudi, nikabeba kata zote mbili mpaka mtoni. Miguu yote miwili ilikuwa juu ya udongo. Nilimwambia, mtani, hiki cha zamani nimekulipa mara kumi na saba na leo ni ya kumi na nane. Hiki kibichi ni cha nini? Kilicho tumboni mwa Veronika hujakishika, na mimi sijakutania majini. Beba mwenyewe.

Nikazitupa. Ya mjomba ikachukuliwa na maji. Ile mbichi ikabaki inaelea pale pale, katikati ya mkondo. Haiendi na maji, haizami.

Leo ni siku ya nne. Bado ipo.

Sijavuta mtumbwi juu, ili ajue kivuko bado kipo. Nimechonga upondo mpya, na kila jioni nakaa ukingoni mpaka giza linaingia, namngoja. Sitapanda, hata aniite kwa jina la mama yangu. Aje yeye huku. Aukanyage udongo mara moja tu, nami nitamtania mpaka asahau njia ya mtoni.