Mtumbwi wa Marehemu Baba

Siku ile Ishengoma wa Izigo hakutulia. Alifagia uwanja mara mbili, akaenda kwenye mibuni, akarudi. Zilibaki siku nne wageni waje kumposa binti yake, Kokwijuka, na ndizi za kukamulia lubisi, ile pombe yetu, zilikwisha kuiva. Mkewe Celina alipouliza watakamua lini, alijibu "bado", akaondoka tena.

Kilichomkosesha raha kilikuwa nyuma ya jiko. Ni mtumbwi wa kukamulia ndizi, gogo zima lililochongwa na marehemu baba yake. Juma lililopita bwana shamba aliwaagiza wanakijiji wapulizie mibuni dawa ya mrututu. Wasiuchanganye kwenye ndoo ya bati, kwa kuwa mrututu hula chuma. Watumie chombo cha mbao. Sasa Mhaya gani ana chombo cha mbao kikubwa kuliko mtumbwi wa pombe? Ishengoma akachanganya humo. Baadaye aliusugua mara tatu, lakini rangi ya kijani ilikataa kutoka kwenye nyufa.

Kumwambia mkewe aliona aibu. Kuazima mtumbwi kwa ajili ya posa aliona aibu zaidi. Basi alikamua humo ndizi chache kwa siri, ajaribu, akaonja kikombe kimoja. Maji yake yalikuwa na ladha ya chuma. Punde tumbo lilimsokota, akatapika, na Celina akamkuta ameinama.

"Baba Kokwijuka, umekunywa nini?"

Akasema yote. Celina alimkimbiza zahanati, akaangaliwa hadi jioni. Kesho yake akaja Saburi, yule bwana shamba, na baiskeli yake. Aliinama, akazikagua nyufa za mtumbwi.

"Kosa ni langu pia," alisema. "Nilisema mbao, sikusema mbao ipi. Mrututu umetokana na shaba na salfa. Salfa si adui. Imo hata katika maharage na vitunguu tunavyokula. Lakini ikiungana na shaba hivi, ni dawa ya majani, si ya tumbo. Huchoma tumbo, huharibu ini na figo."

"Nikiuosha kwa maji ya moto?"

"Mbao imekwisha kuinywa, waitu," alijibu Saburi, akimwita kwa heshima ya Kihaya. " Ukikamua, maji ya ndizi yataivuta itoke. Usikamulie humo tena. Na maji ya kuoshea vyombo vya dawa usimwage mtoni, yanaua samaki."

Ishengoma alichukua shoka. Akakata kwenye ukingo alama kubwa ya mistari miwili inayokatana, ili hata mjukuu asije akakosea. Ilimuuma kana kwamba anamkata baba yake. Kisha mtumbwi ukahamishiwa shambani, uwe wa dawa tu.

Lubisi ya posa ilikamuliwa kwa jirani yao, Theopista. Wageni walipofika, mkubwa wao, Mzee Lwakatare, alisikia kuwa lubisi imetoka kwa jirani, akatania: mwenye mtumbwi mkubwa wa marehemu baba yake anaazima, au ameuuza? Celina akainamisha kichwa. Ishengoma alisimama, akaeleza kila kitu bila kuficha.

Hakuna aliyecheka. Mzee Lwakatare aliweka kibuyu chake chini.

"Rangi ya kijani?" aliuliza. "Kwenye nyufa?"

"Kwenye nyufa, waitu."

Mzee aliomba radhi, akainuka. "Nyumbani kwangu wanakamua leo, na mrututu niliuchanganya kwenye mtumbwi uleule," alisema, akashika njia upesi kuliko umri wake.

Alirudi jua likizama, shoka lenye vumbi la mbao mkononi, akaomba kibuyu chake.