Ukuta Uliomwita Sifuna

Mimi shule niliachia kidato cha pili na sioni nilichopoteza. Uliza Bokoli nzima pikipiki safi ni ya nani. Jumamosi hiyo nikampelekea binamu yangu Sifuna unga na maharagwe chuoni kwao, huko Kitale, nikaanza kumchokoza kama kawaida.

"Msomi mzima, ati unalala kwa stoo ya mzungu?"

Si uongo. Bweni lao la mawe lilikuwa ghala la ngano la settla kabla chuo hakijalichukua. Mlangoni kuna kibao cha shaba chenye jina la huyo settla. Waliobeba mawe hawamo. Baba ya babu yetu, Sifuna wa kwanza, alikuwa mmoja wao. Alienda kujenga, hakurudi. Settla akasema ametoroka. Ndiyo maana binamu yangu alipozaliwa akapewa hilo jina, lisipotee.

Sifuna hakucheka. Alikuwa amekonda vibaya.

"Bro, huu ukuta unaniita kwa jina," akaninong'oneza.

"Na wewe?"

"Jana niliitika."

Nikacheka, nikaweka kiganja ukutani kumwonyesha mwanaume ni nani. Nje kulikuwa na baridi na manyunyu. Jiwe lilikuwa na joto, kama mgongo wa mtu mwenye homa.

Nikarudi mbio kumwambia babu yetu, Kuka Bethwel. Mzee akasema, "Huyo ni baba yangu. Tumlete."

Kwetu mtu akifia mbali hufuatwa. Mnasimama pale alipofia, mnamwita jina, mnamwambia twende nyumbani. Halafu hakuna kugeuka nyuma, hakuna kuongea hadi mfike.

Tukaenda mchana: Kuka, mimi, na Mama Dinah, mama yake Sifuna. Mkuu wa chuo alituruhusu. "Ila msichubue rangi," akasema.

Kuka akagusa ukuta kwa tawi, binamu yangu akiwa amesimama nyuma yetu. "Sifuna, umechoka. Twende nyumbani."

Kimya.

"Sifuna. Twende."

Jiwe likasaga jiwe. Ndani kabisa.

"Anakuja," Kuka akanong'ona. "Msigeuke."

Tukatoka. Binamu yangu akafuata nyuma. Nilisikia miguu yake. Ilikuwa mizito. Hatukugeuka. Hatukuongea. Hata mimi, bana.

Tulipofika Bokoli, binamu yangu akasimama uani, akaangalia mabati kama kitu kigeni. Kucha zake zilikuwa zimejaa chokaa. Akamwendea Kuka, akamshika shavu polepole.

"Bethweli, mwanangu. Umezeeka hivi?"

Mama Dinah akashika mdomo. "Baba," akamwambia Kuka, "wewe uliita Sifuna yupi?"

Mzee akakaa chini kwa matope.

Tulirudi Kitale kuomba ukuta ubomolewe. Mkuu akatutazama kama wajinga. Ati jengo ni la historia. Ati kijana si mnaye nyumbani, mnataka nini tena?

Mama Dinah hakubishana. Akatoa simu, akapiga namba ya mwanawe.

Ikalia. Ndani ya mawe. Tuliisikia sote, na mkuu akiwemo. Akaangalia saa yake, akaenda zake.

Mama Dinah huwa anapiga kila siku, kutoka palepale mlangoni. Simu huita vizuri. Hakuna anayeichaji.

Juzi chuo kilibandika karatasi chini ya kile kibao: mitihani inaendelea, wageni wazime simu.