Msimamizi wa Jukwaa la Mbuzi

Siku ya soko mjini Embu, duka la dawa za mifugo hufurika hadi barazani. Karwirwa, gauni la manjano likichungulia chini ya koti jeupe la kazi, alikuwa akihudumia watu watatu kwa mpigo. Mwanamume mrefu mwenye gambuti za tope akamwambia kwa upole kwamba dawa ya minyoo aliyopimiwa haitoshi.

"Nani amekwambia?"

"Msimamizi wa jukwaa letu la mbuzi mtandaoni. Alisema mbuzi hapimiwi kama kondoo. Huyo mzee hakosei."

Karwirwa akaitazama chupa. Kwa haraka zake alikuwa amepima ya kondoo.

"Mzee gani huyo?"

"Simjui. Wa Meru, nadhani. Mkali, mwenye ndevu."

"Ndevu nilinyoa asubuhi," alisema Karwirwa.

Duka zima likaangua kicheko. Mwanamume yule, Njeru, mfugaji na mchuuzi wa mbuzi kutoka Kiritiri, aliondoka na dawa ya kutosha na namba ya simu ya Karwirwa. Tangu hapo alimpigia kila jioni. Alianza kwa kuuliza habari za chanjo, kisha za chakula alichopika, na mwisho akawa haulizi kitu, anataka tu kuisikia sauti.

Jukwaa lile Karwirwa alilianzisha mwenyewe. Lilikuwa na wafugaji kutoka Maua hadi Mbeere, na wanawake waliokaa kimya katika mikutano ya wafugaji waliuliza humo bila woga. Kisha akaja mtu aliyejiita Chui wa Mlimani. Ukiuliza dawa ya kikohozi, alikutukana. Ukiweka picha ya mbuzi wa kuuza, alisema ni wa wizi au ana ugonjwa. Mjane mmoja wa Maua, Rwamba, aliyekuwa akiwapata wateja wake wa maziwa humo, akajitoa bila kuaga. Wengine wakamfuata. Karwirwa akaona kazi yake ikimong'onyoka mbele ya macho yake, akatunga sheria: anayetukana anatoka, na anayejibu tusi kwa tusi anatoka pia, awe nani.

Siku moja Chui akaandika kwamba msimamizi amekosa mume ndiyo maana anaishi na mabeberu. Njeru akamjibu kwa maneno ya kuchuna ngozi. Karwirwa aliyasoma, akacheka hadi machozi, kisha akawatoa wote wawili.

Simu ikalia papo hapo.

"Umenitoa mimi?"

"Nikikuacha wewe, mpenzi, kesho watasema sheria ni ya wasio na mtu."

"Nilikuwa nakutetea."

"Kwa matusi yaleyale."

"Basi kaa na sheria yako," akasema, na simu ikakatika.

Chui alirudi kabla chai haijapoa, sasa akiitwa Ndovu Mkuu. Alipotolewa akarudi kama Mama Neema. Njeru hakurudi kwa jina lolote, maana alikuwa na moja tu. Hapo ndipo Karwirwa alipoona ubaya wa sheria aliyoionea fahari: ilimfungia nje mwaminifu na kumwachia mlango mkorofi. Alimpigia Njeru, hakupokelewa. Ednah, mwenzake wa dukani, alimuuliza anangoja nini. Siku ya soko la Kiritiri ilipofika, akavaa gauni jekundu na viatu visivyofaa vumbi lile, akaenda.

Alimkuta ameshika kamba ya beberu mweupe, akivutana bei na mama mmoja mnunuzi. Njeru alimwona, akaendelea na bei yake. Kando yao dalali mmoja mwenye koti la ngozi, mikono mitupu, alipayuka kwamba beberu anakohoa na mwenyewe ni mwizi. Karwirwa akangoja ngumi. Hazikuja. Njeru hakugeuza hata shingo. Mama yule ndiye aliyesema, bila kumtazama dalali, "Kamba yako iko wapi?" Watu wakacheka, wakampa mgongo. Dalali akapayuka kidogo tena, akaishiwa, akaenda zake.

Walipopatana bei, Karwirwa akasogea. "Mbona hukumjibu?"

"Hapa asiyeshika kamba hana la kusema. Hatumfukuzi. Hatumsikii tu."

"Na kule kwangu, mbona ulimsikia?"

Njeru alitazama vumbi. "Alikutaja wewe."

"Nami nilikosea, Njeru. Nilikupima na Chui kwa kipimo kimoja. Rudi jukwaani."

"Nitarudi," alisema. "Lakini nitapitia mlangoni, kama watu wengine."

Jioni hiyo jukwaa likapata sheria mpya. Kila mtu aanze kwa picha yake ameshika kamba ya mbuzi wake, na picha hiyo isubiri ruhusa ya msimamizi. Asiye na kamba maneno yake hayatatokea, wala hatajibiwa. Picha zikamiminika, Rwamba, aliyerudi aliposikia habari hizo, akiwa miongoni mwa wa kwanza. Chui naye akaleta yake: mbuzi amezama kwenye theluji hadi magotini, nyuma yake kanisa la mawe la nchi za mbali. Karwirwa akairuhusu kwa makusudi. Rwamba akauliza swali moja: theluji hiyo imeanguka kijiji gani, tuje tuone? Jukwaa lilicheka siku nzima. Chui hakuonekana tena kwa jina lolote.

Picha ya Njeru ilifika Karwirwa akiwa dukani, wateja wakisubiri. Pichani Njeru alikuwa amevaa suti ya kijivu, kamba za mbuzi zimejaa mikononi. Chini aliandika: "Hawa hawauzwi. Nataka kuwapeleka Meru wawe mahari kwa wazazi wa msimamizi, kama mwenyewe ameridhia. Asiporidhia afute, na hakuna atakayejua."

Akampigia. "Mbona hukuniuliza kwa simu?"

"Kwenye simu ungenishinda kwa maneno."

"Yule mweusi kwato zimerefuka. Zikate kabla baba hajamwona."

"Hiyo ni ndiyo?"

Mbele ya wateja wote, Karwirwa akabonyeza ruhusa. Kabla hajaiweka simu chini, Rwamba alikuwa ameshauliza ni siku gani, ili awahi jikoni.