Zima Sauti, Tazama Mikono

Kila asubuhi Mwalimu alichemsha maji kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Alibandika sufuria kubwa, akasubiri mpaka maji yatokote na kutoa mapovu makubwa. Yakishapoa, aliyamimina kwenye ndoo nyeupe, akaifunika, na juu ya mfuniko akaweka kikombe cha bati. Mwenye kiu alifunua ndoo, akachota, akanywa, akafunika. Hakuna aliyethubutu kusahau kufunika. Kwa jambo hilo Mwalimu alikuwa mkali kama yuko darasani.

Katika vyumba vyao viwili waliishi watu wanne. Mwalimu alifundisha darasa la pili. Mumewe alikuwa fundi viatu, na meza yake ya kazi ilikuwa hapo hapo barazani. Mama yake Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alishinda nyumbani na mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka mitatu. Alizaliwa na mashavu manene, wakamwita Kibonge, na jina likamganda.

Lakini sasa jina hilo lilikuwa limeanza kuwa uongo. Tangu mvua zianze, Kibonge alikuwa ameharisha mara tatu. Mashavu yalikwisha. Suruali yake ilikuwa ikishikiliwa kiunoni na kamba ya viatu, iliyotoka kwenye meza ya baba yake.

Jumatatu moja Fundi aliingia jikoni amembeba mtoto begani.

"Mama Kibonge, tumbo limeanza tena."

"Haiwezekani," alisema Mwalimu. "Maji tunachemsha."

"Najua tunachemsha. Tumbo ndilo halijui."

"Labda ni meno," alisema Bibi kutoka mlangoni.

"Meno yapi, Mama? Yote yameshaota."

Bibi alirudi barazani. Hata yeye alijua kwamba meno yameshasingiziwa mara nyingi mno.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi alimpima uzito, akaangalia kadi yake, akaangalia tena mizani. Hakutabasamu.

"Amepungua kilo moja na nusu tangu mvua zianze," alisema. "Mtoto mdogo hana akiba ya kupoteza hivyo. Mkimleta tena namna hii, nitalazimika kumpeleka hospitali akalazwe."

Aliwapa pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini, akawaeleza polepole. Pakiti moja ichanganywe kwenye lita moja ya maji safi. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, kila anapoharisha. Akitapika, wangoje dakika kumi, waanze tena. Aendelee kula kama kawaida. Aliwapa pia vidonge vya zinki. "Siku kumi kamili," alisema. "Hata akionekana amepona kesho, msiache. Na mkiona macho yamezama, au analegea, au hawezi kunywa, au choo kina damu, msingoje kuche. Mleteni hapo hapo."

"Tumeelewa," alisema Mwalimu.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?"

"Ya kuchemsha. Kila siku."

Muuguzi aliandika, kisha akaiweka kalamu chini. "Basi kuna kitu ambacho hamjakiona, Mwalimu. Kitafuteni."

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alimbeba mtoto mwenyewe, na alivyokuwa mwepesi, machozi yalimlengalenga. Lakini kulia hakukuwa kazi aliyopewa. Alipewa kazi ya kutafuta.

Hapa sina budi kusimulia jambo ambalo Mwalimu hakulipenda likumbukwe.

Wiki mbili nyuma, dada mmoja mtafiti wa afya alikuja mtaani. Yeye na wenzake walitaka kujua kwa nini watoto wa maeneo yale huharisha sana wakati wa mvua. Wangepita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Aliposikia kwamba hapo kuna mwalimu, alimheshimu. Akamwonyesha karatasi ya maswali, akamwomba aangalie kama lugha yake inaeleweka.

Mwalimu aliiangalia lugha. Kisha akafanya kosa ambalo ni mwalimu tu angelifanya. Jioni ile ile alisimama kwenye bomba la mtaa, akawakusanya majirani waliopanga foleni na madumu yao, akawafundisha majibu.

"Mitaa mingine inatusema kwamba sisi ni wachafu," aliwaambia. "Kesho tusijiaibishe. Wakiuliza kuhusu maji, semeni: Tunachemsha mpaka yatoe mapovu makubwa, tunaacha yapoe, tunafunika. Haya, pamoja."

Wakasema pamoja. Jirani mmoja, ambaye kwa kupenda kuongea walimwita Mama Redio, alisema mara tatu bila kukosea. Kesho yake nyumba arobaini na mbili zilijibu sawasawa. Mwalimu alilala amefurahi. Simcheki. Ukifundisha miaka kumi na miwili, jibu sahihi huliona kuwa kitu kizuri popote lilipo.

Sasa turudi kwenye wiki ile ya Kibonge. Jumamosi Mwalimu alienda kwenye mafunzo. Walimu ishirini wa shule za jirani walikutana kila wiki mbili katika chumba kimoja, kila mmoja na kishikwambi chake, ile simu pana kama daftari, waliyoazimwa na chuo. Mkufunzi wao alikuwa mbali. Walimwona kwenye kioo tu, mwanamke mwenye nywele nyeupe na miwani iliyokuwa ikimteremka puani.

"Mliniletea video za vipindi vyenu," alisema mkufunzi. "Leo kila mtu atatazama ya kwake. Lakini zimeni sauti."

Walimu wakacheka. Mmoja aliuliza, "Sasa tutajuaje kama watoto walijibu vizuri?"

"Hilo ndilo sitaki mlijue," alisema mkufunzi. "Mwalimu akisikia jibu zuri, macho yake hulala. Zimeni sauti, mtazame mikono. Mikono ya watoto na ya kwenu."

Mwalimu alijua video yake ni nzuri. Kilikuwa kipindi cha afya. Watoto hamsini walikuwa wameimba kwa pamoja namna ya kunawa mikono na kutunza maji. Alizima sauti, akabonyeza.

Midomo hamsini ilifunguka na kufungika. Kisha ukaja mwisho wa kipindi, sehemu ambayo hakuwahi kuitazama, iliyorekodiwa kwa sababu tu alisahau kuzima simu. Watoto walitoka nje, wengine wakaenda chooni. Wakarudi. Beseni lilikuwa moja, maji yale yale, na wote wakachovya vidole humo. Kisha wakaenda kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kila mmoja alishika kikombe kwa ukingo, akakizamisha, na vidole vinne vikazama pamoja nacho. Mwisho akaja mwanamke mwenye gauni la maua, vidole vyeupe kwa chaki. Akachota, vidole vikazama, akanywa.

Mwanamke huyo alikuwa yeye.

Aliitazama mara tatu. Hakuwa akiiona ndoo ya shule tena. Alikuwa akiiona ndoo nyeupe ya nyumbani kwake.

Kesho yake asubuhi aliegemeza simu kwenye rafu ya vyombo, ikiwa inarekodi.

"Hiyo simu inafanya nini hapo?" aliuliza Fundi.

"Inatutazama."

"Kumbe sasa tunafundishwa mpaka na vyombo."

Saa nne waliketi watatu kitandani, Fundi, Bibi na Mwalimu, wakatazama bila sauti. Fundi alionekana akitoka kwenye meza yake, mikono imejaa gundi na vumbi la soli. Alichota. Bibi alitoka kumtawaza Kibonge, akajimwagia maji kidogo mikononi bila sabuni, akajifuta kwenye kanga, akachota. Kisha Kibonge mwenyewe, aliyetoka kucheza kwenye mfereji, alipanda juu ya kigoda na kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, maana kikombe kilikuwa kimemponyoka.

Na baada ya hapo, kwa utiifu mkubwa, alifunika ndoo.

Hakuna aliyecheka. Bibi alishika tama. "Basi ni mimi ninayemuumiza mjukuu wangu," alisema.

"Si wewe, Mama," alisema Mwalimu. "Ni sisi sote. Mimi ndiye niliyesema kuchemsha kunatosha."

Kisha akanyanyuka, akajifunga kanga.

"Unaenda wapi?" aliuliza Fundi.

"Kwa yule dada mtafiti. Kesho wanahamia mtaa mwingine. Ameandika kwamba huku hakuna tatizo, kwa sababu mimi nilimdanganya."

Kukiri kosa mbele ya mtu uliyetaka akusifu ni kazi ngumu. Mwalimu alipiga moyo konde. Alimkuta mtafiti akipakia masanduku kwenye gari, akamwambia yote akiwa amesimama: foleni ya bomba, majibu, hata ile "Haya, pamoja."

Mtafiti alisikiliza mpaka mwisho. "Nilishangaa," alisema. "Nyumba arobaini na mbili, sentensi moja. Nikajiambia, labda mtaa huu wana bidii sana."

"Nisamehe, dada."

"Kosa ni langu pia. Niliuliza watu wanasema nini, sikukaa nikaangalia wanafanya nini. Lakini elewa hili, Mwalimu. Utafiti si mtihani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ukinipa jibu la kupendeza, dawa itaenda mahali pengine, na mtoto wako atabaki na ugonjwa wake."

Jioni ile alikuja nyumbani na chupa tatu ndogo zenye dawa ndani. Ya kwanza akaitia maji ya bomba. Ya pili, maji ya sufuria yaliyotoka kuchemshwa. Ya tatu, maji ya ndoo. Akaziweka juu ya kabati. "Maji yakiwa na uchafu wa chooni, yatageuka meusi," alisema. "Tungoje siku mbili, nami nitarudi kuangalia."

Baada ya siku mbili chupa ya bomba ilikuwa nyeusi. Ya sufuria ilikuwa safi. Ya ndoo ilikuwa nyeusi tii.

"Umeona?" alisema mtafiti. "Kuchemsha kwako ni kuzuri, usiache kamwe. Lakini ukishayasafisha, mkono unayachafua upya. Ukifunika ndoo baada ya hapo, umewafungia wadudu wasitoke tu."

"Sasa tufanyeje?"

"Mkono usiguse maji ya kunywa. Basi. Maji yatoke kwa kumiminika, au kwa koki. Ndoo ioshwe kwa sabuni kabla ya kutia maji mapya. Na kabla ya kula, kabla ya kupika, baada ya chooni na baada ya kumtawaza mtoto, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Si kwenye beseni."

Fundi aliigeuza ndoo akaitazama kama anavyotazama kiatu cha mteja. "Koki hiyo naiweka mimi," alisema.

Alipasha moto chuma, akatoboa tundu karibu na kitako cha ndoo. Akaingiza koki ndogo ya plastiki, na ili kuzuia uvujaji akakata pete mbili za mpira mpya. Haikuvuja hata tone. Kando ya choo alining'iniza dumu lenye tundu dogo na kizibo, na sabuni ndani ya wavu. Kikombe cha bati kikapata msumari wake ukutani.

Lilibaki jambo gumu zaidi. Mwalimu alirudi kwenye bomba la mtaa, akasimama pale pale.

"Nilikosea," aliwaambia majirani. "Dada atarudi kuuliza upya. Safari hii mwambieni ukweli."

Mama Redio alitua dumu lake. "Ulitukaririsha kama watoto, tukakariri. Sasa unataka tuseme sisi ni waongo?"

"Semeni mwongo ni mimi. Kibonge amepungua kilo moja na nusu. Wewe wa kwako anaharisha mara ngapi?"

Mama Redio aliinama kushika dumu lake. "Wangu amemaliza kuharisha jana," alisema kwa sauti ndogo. Mwenzake nyuma akasema wake bado hajamaliza. Mwingine akasema wake ni wawili. Foleni nzima ikaanza kusema, na hakuna aliyekuwa amewafundisha.

Wiki iliyofuata nyumba arobaini na mbili zilitoa majibu arobaini na mbili tofauti. Fundi aliacha viatu kwa siku kadhaa akitoboa ndoo za mtaa. Shuleni, Mwalimu alifuta wimbo wake mrefu. Badala yake watoto walijipanga, wakanawa mmoja mmoja kwenye dumu, wakanywa kwenye koki. Mkufunzi alipoletewa video hiyo, aliwaonyesha walimu wote ishirini. Aliwaonyesha bila sauti.

Miezi mitatu baadaye mtafiti alirudi. Alimkuta Bibi barazani, akafungua karatasi zake.

"Shikamoo, Bibi. Je, mnachemsha maji ya kunywa?"

"Marahaba. Usiandike kwanza," alisema Bibi. "Kaa hapo, ututazame."

Mtafiti aliweka kalamu, akakaa. Baada ya muda Kibonge alitoka chooni. Alivuta kizibo cha dumu, akasugua sabuni mpaka viganjani kukajaa povu, akasuuza. Akaangua kikombe chake kwenye msumari aliopigiwa chini, akafungua koki, akanywa, akafunga. Alifanya yote bila kumtazama mtu. Hakuwa ameharisha tena tangu ndoo itiwe koki.

Mtafiti aliinama kumwangalia mtoto. "Ile kamba ya suruali iko wapi?"

Fundi aliinua kiatu cheusi kutoka mezani, cha mteja atakayekuja jioni. Kamba ilikuwa imepitishwa humo, imefungwa vizuri.

"Haikumtosha tena," alisema.